Skripti ya Gridi Isomwe na Mwenzako

Wahandisi wenzangu, habari za asubuhi. Nitazungumzia skripti za Python tunazoendeshea PSS/E, programu ya kukokotoa mtiririko wa umeme kwenye gridi, kwa sababu ndani yake ndimo kunakofanyika maamuzi ambayo baadaye hujengwa kwa nguzo na transfoma. Tazameni mstari huu, unaoamuru mtiririko wa umeme ukokotolewe:

psspy.fnsl([1,0,0,1,1,0,-1,0])

Nani atanieleza tarakimu hizo bila kufungua mwongozo? Ya kwanza inaruhusu transfoma zibadilishe tapu, yaani hatua za kurekebisha volteji. Ya pili inazuia kurekebisha ubadilishanaji wa umeme kati ya kanda. Ya tano inaruhusu kapasita na riakta ziingizwe na kutolewa. Ya saba, ile -1, inaiambia programu ipuuze mipaka ya megavari za jenereta, yaani nguvu inayoshikilia volteji. Hapo volteji zitapendeza, kwa kuwa jenereta zimepewa uwezo zisio nao! Uamuzi mzito namna hiyo hauwezi kuachwa kwenye tarakimu isiyo na jina.

Wengi huanza kwa kurekodi: unabofya, programu inakuandikia skripti. Ni njia nzuri ya kujifunza, wala simkatazi mtu. Lakini kilichorekodiwa ni rasimu, na zile _i na _f zilizojaa humo zinasema tu thamani iachwe ilivyo. Zifuteni machoni pa msomaji kwa kuzifungia ndani ya funksheni yenu, ili anayeiita aandike hivi:

kokotoa_mtiririko(zingatia_mipaka_ya_vari=False)

Mkaguzi akifika hapo atasimama na kuuliza kwa nini. Ndicho ninachotaka.

Jambo linalonikera zaidi ni kosa la kuamini sifuri. fnsl ikirudisha sifuri, maana yake amri imetekelezwa bila hitilafu. Haisemi kama hesabu imefikia jibu. Hilo unaliuliza kwa psspy.solved(), na hapo ndipo sifuri inamaanisha jibu limepatikana. Skripti inayoondoa kazini njia moja moja ya umeme kupima dharura, isipouliza hivyo kila mara, itajaza jedwali kwa volteji za hesabu iliyovunjika, zimepangwa vizuri kando ya zile za kweli. Hakuna atakayezitofautisha. Kwa hiyo ulizeni humo humo ndani ya funksheni, na dharura isiyofikia jibu iandikwe kwa maneno kwamba haikufika.

Vizio navyo viwe kwenye jina: mzigo_mw kwa megawati, volteji_pu kwa sehemu ya thamani ya msingi. Ukiandika mzigo = 0.8, je, ni megawati au ni sehemu ya msingi? Kwa msingi wa MVA 100, 0.8 ni megawati 80. Namba za basi, yaani vifundo ambako njia za umeme hukutana, ziwekwe mahali pamoja juu ya faili, kila moja na jina la kituo chake.

Majina ya Kiswahili? Mimi nayapenda, mradi msichanganye lugha mbili kwenye faili moja. Njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida, Tanzania, ina wahandisi pande zote mbili za mpaka, na pande zote mbili watalielewa neno mzigo.

Sasa fungueni savnw, kesi ya mfano yenye basi 23 inayokuja na programu. Tuiandike funksheni hiyo pamoja, tukianzia na mipaka ya vari.