Kijana Wako Anapimwa kwa Kipimo cha Nani?

Mazungumzo na wazazi na walimu, Tononoka, Mombasa

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie vipimo vya ubongo kwa vijana, nami naanza na maneno ninayoletewa na wazazi karibu kila wiki: "Kapigwa picha ya kichwa, wamesema hana kitu."

Picha ya kichwa huonyesha umbo. Damu iliyovuja, uvimbe, fuvu lililopasuka, hayo itayaona. Haikuambii kama kijana aweza kushika maagizo matatu kwa mpigo, au kama akisoma ukurasa, akifika chini ameshasahau ya juu. Kijana aliyeanguka na bodaboda, aliyelazwa utotoni kwa malaria iliyopanda kichwani, mwenye kifafa, mwenye sikoseli: picha yake yaweza kuwa safi na huku darasani anazama. Hapo ndipo kinapohitajika kipimo cha nyurosaikolojia, yaani cha kuona jinsi ubongo unavyofanya kazi. Kijana hukaa na mtaalamu saa kadhaa, pengine kwa siku mbili, akikumbuka hadithi, akipanga vibao, akisaka alama kwenye karatasi huku saa ikimhesabia. Hakuna sindano. Nalisema hili kwa sababu wako waliowahi kuja na mtoto hajanywa hata chai.

Sasa, kupata kipimo ni jambo moja, kupata kinachomfaa ni jingine. Vipimo vya akili vilivyo maarufu zaidi ni vya Wechsler, mwanasaikolojia wa New York aliyetoa cha kwanza mwaka 1939. Wastani wake ni 100. Lakini 100 ya nani? Ya watu wa rika moja waliopimwa huko kipimo kilikotungwa. Ukimpima kijana wa Kisauni halafu ukamlinganisha na hao, ile namba umepata, ila sijui umepima ubongo au umepima umbali.

Chukueni tarakimu. Mtaalamu anataja tarakimu kadhaa, kijana azirudie. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni ya saba peke yake yenye silabi mbili, nyingine zote ni silabi moja. Haya, hesabuni nami kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano... Kila moja ina mbili! Kumbukumbu ya muda mfupi hushika kadiri ulimi unavyowahi kutamka, na jambo hili limeonekana hata Wales, ambako tarakimu za Kiwelsh huchukua muda zaidi kutamka kuliko za Kiingereza. Mtaalamu akifasiri kipimo papo hapo bila kulijua hili, mtoto anapoteza alama kwa sababu ya lugha ya mamake.

Kipo pia kipimo cha kutaja picha, na mojawapo ni nyumba ya barafu. Mtoto wa Likoni aiitaje? Mwonyeshe mbuzi ya nazi uone kama atababaika.

Kwa jirani zetu Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wametengeneza vipimo kwa ajili ya watoto wa Pwani, na ni kazi ya kujivunia. Ila kile kinachojulikana zaidi ni cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Wako ana ndevu.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, muulize mtaalamu: kipimo hiki ni cha umri gani, utampima kwa lugha gani, na utamlinganisha na akina nani? Asiyekasirika kwa maswali hayo, kaa naye. Akikuahidi namba moja ya akili na cheti, ondoka. Ripoti nzuri hueleza kijana anashika nini na kinamponyoka nini, na mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Tena nenda na swali lako. "Mpime tu" si swali. "Mbona alikuwa wa tano, na tangu ajali hamalizi mtihani?" hilo ni swali, na ndilo linaloamua achaguliwe kipimo gani.

Mwenye mfuko mwepesi aanzie kituo cha EARC, vile vituo vya serikali vya kutathmini wanafunzi. Hawatafanya kila kitu, lakini macho na masikio huangaliwa, na mara nyingine tatizo huishia hapo hapo. Kama kijana atahitaji muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa, shule ndiyo inayoomba KNEC, baraza la mitihani, tena mapema. Msije mbio wiki ya mtihani.

Siku ya kupimwa aje amelala, amekula, na miwani yake. Mtaje dawa zote, kwani baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitoni, zaweza kupunguza kasi ya kufikiri. Na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, jamani. Aliyekesha nayo hutaupima ubongo wake, utaupima usiku wake.

Mama pale nyuma kauliza: wake ana miaka 16, asubiri atimize 17? Swali zuri. Kipimo cha Wechsler cha watoto huishia miaka 16, na cha watu wazima huanzia hapo hapo 16, kwa hiyo mwaka huu wako ana milango miwili. Kama anasumbuka sana, cha watoto kina maswali mepesi zaidi ya kuonyesha anachoweza. Kama ni mwepesi wa kushika, cha wakubwa kitampa nafasi ya kupanda. Na kama aliwahi kupimwa kwa kile cha watoto, asisubiri, arudie hicho hicho sasa, ili mwone kilichobadilika. Ile ripoti ya zamani unayo, mama?