Mti wa Krismasi Uwanjani Ni Mali ya Nani?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie mti wa Krismasi unaosimamishwa katikati ya mji, pamoja na mapambo yanayouzunguka: taa za rangi juu ya barabara, nyota, mashada ya majani. Hoja yangu naitoa mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Mti wa uwanjani ulianzishwa kwa ajili ya watu wasio na mti nyumbani. Mji ukisahau asili hiyo, hata ukiwasha taa laki moja, utakuwa umesimamisha tangazo la biashara.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Mti wa ndani ya nyumba ulienea kutoka nchi za Kijerumani na maeneo jirani. Kuna maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanayoeleza watu kuweka miti sebuleni na kuipamba. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wamesimama na watoto wao mbele ya mti. Tangu hapo kila familia ya Uingereza iliyojiweza ikataka wake. Iliyojiweza, nasisitiza. Mti ule ulihitaji sebule, ulihitaji mishumaa, na ulihitaji mtu wa kukesha na ndoo ya maji, kwa sababu mishumaa juu ya matawi makavu iliunguza nyumba nyingi. Umeme ulipokuja, ulianzia kwa matajiri vilevile: mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha mti nyumbani kwake New York ukiwa na globu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu.

Basi ilichukua miaka 30 kutoka sebule ya Johnson hadi uwanjani, katika mji uleule. Desemba 1912, mkesha wa Krismasi, mti mkubwa uliotolewa milima ya Adirondack uliwashwa taa za umeme katika bustani ya Madison Square. Waliobuni jambo hilo waliwafikiria watu wa vyumba vya kupanga, wahamiaji, vibarua, wale ambao sikukuu ingewapita wakiitazama kupitia madirisha ya wengine. Hapakuwa na tiketi wala mlango. Boston nayo ilisimamisha mti wake wa hadhara mwaka huohuo, na baada ya muda mfupi miji mingi ya Marekani ikafuata.

Mti maarufu kuliko yote hivi leo, ule wa majengo ya Rockefeller Center mjini New York, una asili ninayoipenda zaidi. Ni mwaka 1931, mdororo mkubwa wa uchumi umewaacha mamilioni bila kazi. Vibarua wa ujenzi waliobahatika kuwa na ajira pale walichangishana, wakanunua mti wa mita 6 hivi, wakausimamisha katikati ya vifusi. Waliupamba kwa mikufu ya karatasi, matunda madogo mekundu yaliyotungwa kwenye uzi, na hata makopo. Ipo picha ya mkesha ule wa Krismasi: wanaume wenye makoti ya kazi wamepanga foleni kando ya mti wakisubiri mshahara. Miaka miwili baadaye, 1933, wenye majengo wakaufanya mti kuwa jambo rasmi la kila mwaka, na leo huwa na taa zipatazo 50,000. Sina ugomvi na taa hizo. Naomba tu tukumbuke kwamba waliotangulia kuleta mti pale walikuwa vibarua, na waliulipia wenyewe.

Sasa nije kwenye sehemu inayonigusa kuliko zote, nayo ni miti ya shukrani.

Asubuhi ya Desemba 6, 1917, meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax, Kanada. Moja, Mont-Blanc, ilikuwa imesheheni baruti na vilipuzi vya vita. Ilishika moto, kisha ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa na takriban 9,000 wakajeruhiwa. Wengi walipofuka, kwa kuwa walikuwa wamesogelea madirisha kutazama moto, na vioo vikawarukia machoni. Usiku uleule treni ya madaktari, wauguzi na dawa iliondoka Boston, ikapita katikati ya dhoruba ya theluji hadi Halifax. Mwaka uliofuata watu wa Nova Scotia, jimbo la mji wa Halifax, wakaipelekea Boston mti wa Krismasi. Desturi hiyo ilisimama kwa miongo kadhaa, ikafufuliwa mwaka 1971, na tangu hapo kila mwaka mti mmoja hukatwa Nova Scotia, mara nyingi kutoka shamba la raia wa kawaida anayeutoa bure, na kusafirishwa hadi Boston. Zaidi ya miaka mia imepita tangu treni ile iondoke, na bado wanasema asante.

Mti wa Trafalgar Square mjini London nao ni asante ya namna hiyo. Ujerumani ilipoivamia Norway mwaka 1940, Mfalme Haakon wa Saba na serikali yake walikimbilia London na kuendesha upinzani kutoka huko. Tangu 1947 jiji la Oslo huipelekea London mti kila Desemba. Kwa kawaida una urefu unaozidi mita 20 na umri wa miaka 50 au zaidi. Taa zake huteremshwa wima, kwa mistari iliyonyooka, jinsi Wanorwe wanavyopamba. Mwaka 2021 watu wengi walilalamika kwamba matawi yake ni machache, eti umekonda. Nilisikitishwa na kejeli zile. Mgeni akikuletea zawadi aliyoikuza kwa nusu karne, huanzi kuhesabu matawi.

Hata hivyo, kelele za watu kuhusu mti zina maana, na hapa nawaomba wenye dhamana katika halmashauri wanisikilize vizuri. Mwaka 2017 jiji la Roma lilisimamisha mti Piazza Venezia, ulioletwa kutoka milima ya kaskazini. Ulianza kupukutika mapema, na kabla ya Krismasi kufika ulishakufa umesimama. Warumi wakaubandika jina Spelacchio, yaani yule aliyenyonyoka. Walikasirika, kwani fedha zilikuwa zao. Kisha likatokea jambo zuri: wakaanza kuupenda. Watu walikwenda kuubandikia vikaratasi vya kuupa pole na kuuaga. Mti wa mwenye duka ukinyauka, ni nani angeuandikia barua?

Brussels, mwaka 2012, katika uwanja wa Grand-Place, jiji liliweka mnara wa vyuma na mwanga badala ya mti halisi. Maelfu walitia saini kuupinga. Kupinga ni haki yao. Ila ulienea uvumi kwamba mti umeondolewa ili kuwaridhisha Waislamu, na wakuu wa jiji wakalazimika kukanusha. Waislamu wa Brussels hawakuwa wameomba kitu. Ulikuwa uamuzi wa wapangaji wa sherehe waliotaka sanaa mpya. Jambo hili linaniuma, kwa sababu uwanja ni wa wote. Watoto wa Kiislamu, wa Kihindu, na wa nyumba zisizo na dini hupita pale jioni na kuzitazama taa zilezile. Kumtupia jirani lawama za uamuzi asioufanya ni kuugeuza mti kuwa ukuta.

Bordeaux, jiji la Ufaransa, ilitupa mjadala mwingine. Mwaka 2020 meya wake, Pierre Hurmic, alisema jiji halitasimamisha tena mti mfu uwanjani, na mwaka uliofuata ukawekwa mti wa vioo na chuma wenye urefu wa mita 11. Wapo waliomcheka, mimi simcheki. Swali lake ni la haki: mti uliochukua miaka 50 kukua tunaukata ili usimame wiki tano? Jibu langu ni kwamba inategemea unatoka wapi, unapandwa upi badala yake, na mbao zake zinakwenda wapi. Nitalirudia hilo la mbao.

Kuhusu usalama sitapamba maneno. Mti wa mita 20 hukamata upepo kama tanga. Desemba 2023, wakati wa dhoruba, mti wa Krismasi uliangukia watu sokoni Oudenaarde, Ubelgiji, na mwanamke mmoja akafariki. Shina lishikwe kwenye shimo lenye kina au kwenye kitako kizito, upepo ukokotolewe na mhandisi, nyaya zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni, na utabiri ukiwa mbaya uwanja ufungwe. Kiongozi anayeona aibu kufunga uwanja siku ya sherehe asipewe dhamana ya uwanja.

Umeme hautupi tena shida kama zamani, maana taa za LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme wa globu za kale. Katika msukosuko wa nishati wa mwaka 2022, Paris ilizima mapambo ya Champs-Élysées saa 5:45 usiku na kupunguza siku za kuyawasha. Sherehe haikufa. Ninaona hata miaka ya neema ingefaa kufanya hivyo. Ndege na wagonjwa nao wanahitaji giza.

Ipo miaka ambayo mji hujiuliza kama uwashe chochote kabisa. Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, Desemba 2022, umeme ulikuwa ukikatika kwa sababu ya makombora ya Urusi, na wakazi walibishana: mti ni anasa au ni haki ya watoto? Ukasimamishwa mti wa mita 12, mdogo kuliko ilivyozoeleka, taa zake zikiendeshwa kwa jenereta. Bethlehemu iliamua kinyume. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza, hapakuwashwa mti katika uwanja mbele ya Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, na mwaka 2024 vilevile. Kanisa moja la Kilutheri pale mjini lilimlaza Mtoto Yesu juu ya kifusi. Uamuzi wa Kyiv na wa Bethlehemu nauheshimu kwa kiwango kimoja. Kote kuwili watu wa mji waliuchukulia mti kuwa kauli yao, wakaijadili kwa uzito.

Kwa hiyo nikipewa nafasi mbele ya kamati yoyote ya mapambo, maswali yangu ni haya. Je, mtu wa kiti cha magurudumu anaufikia mti? Je, kuna mabenchi, au vibanda vya biashara vimeyala? Je, nembo ya mfadhili ni kubwa kuliko nyota? Taa zimefika mitaa ya pembezoni, au zimekomea mbele ya hoteli? Na Januari, mti unakwenda wapi? Mbao za mti wa Rockefeller Center tangu 2007 hutolewa kwa Habitat for Humanity, shirika la hisani linalowajengea makazi wasiojiweza, kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Na Spelacchio wa Roma, yule aliyenyonyoka, mbao zake zilitengenezewa kibanda cha kina mama kunyonyeshea watoto.

Naishia hapo. Nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi tuanze na wale wasiokubaliana nami kuhusu Bordeaux.