Kumfundisha mtoto pikipiki ndogo: breki kwanza, mafuta baadaye

Karibu mtazamaji. Video hii ni ya mzazi au mlezi mwenye mtoto wa miaka mitano hadi minane ambaye tayari anaendesha baiskeli bila vigurudumu vya pembeni. Kama bado anaviegemea, simamisha video hapa umrudishe kwenye baiskeli. Pikipiki haimpi mtoto mizani. Inamwongezea uzito na mwendo juu ya mizani aliyokuja nayo.

Tunayotumia leo ni Yamaha PW50. Injini ni ya cc 50, haina klachi ya mkono wala gia za kubadilisha, kiti kiko sentimita 47 na nusu kutoka chini, na uzito wake ni kama kilo 40. Breki zote mbili ziko mkononi kama za baiskeli: ya mbele kulia, ya nyuma kushoto. Mwisho wa uzito wa mtoto ni kilo 25. Aliyezidi hapo anafaa Honda CRF50F, lakini ile ina gia tatu za kukanyaga, na breki ya nyuma iko mguu wa kulia.

Mkalishe mtoto juu ya pikipiki. Nyayo zote mbili zilale chini, magoti yakunje kidogo. Akigusa kwa ncha za vidole, pikipiki ni kubwa, na mambo ya "atakua tu" tuyaache kwenye sare za shule. Na wale wanaompakata mtoto kwenye tangi la pikipiki kubwa kama Boxer wakamwachia usukani: pale anachojifunza ni kwamba kazi ya kushika breki ni ya mtu mwingine.

Mavazi: helmeti ya mtoto inayofunika hadi kidevu, siyo ya baba, maana ile inacheza kichwani na kumlemea shingo. Funga mkanda mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Ongeza glavu, suruali ndefu nzito, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na vikinga magoti na viwiko. Suruali ni kwa ajili ya ekzosi pia, yaani bomba la moshi linalounguza. Abiria wengi wa bodaboda wanalo kovu la kuwaonyesha.

Sasa sogea karibu. Hapa kwenye mkono wa mafuta, yaani kishikio cha kulia kinachozungushwa kuongeza mwendo, kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuikaza. Hii ndiyo inayoamua mafuta yavutwe kiasi gani. Legeza nati, zungusha skrubu kwenda ndani mpaka mkono uzunguke kidogo tu, kisha kaza nati tena. Ijaribu wewe mwenyewe ukienda kando yake: ukiivuta mpaka mwisho, isizidi mwendo wa mtu anayekimbia taratibu.

Jaribio la pili. Weka pikipiki juu ya stendi au kreti, tairi la nyuma lisiguse chini, washa, usivute mafuta. Tairi likizunguka taratibu, libane kwa breki kisha achia. Likianza tena kwa nguvu, mzunguko wa injini, yaani kasi yake kabla hujavuta mafuta, uko juu na klachi inashika yenyewe. Teremsha mzunguko kwanza, la sivyo pikipiki itaondoka mtoto akiwa bado anaweka miguu.

Uwanja wa mpira wenye nyasi kavu unatosha. Kaa mbali na milingoti ya magoli, kuta na mitaro. Changarawe hapana, na barabara hapana kabisa, hata ya mtaani kwenu.

Zoezi la kwanza injini imezimwa. Msukume kutoka nyuma, mkono wako kwenye kiti, na mbele uwe umepanga madumu mawili ya maji. Akifika kwenye madumu anabana breki ya nyuma mpaka asimame, ndipo anashusha miguu. Watoto hupenda kusimama kwa kuburuza viatu kama kwenye baiskeli. Usiivumilie tabia hiyo, kwa sababu injini ikiwaka viatu havitamsimamisha. Rudia mara kumi, ishirini. Hapa ndipo penye kazi ya leo, kwa hiyo usiharakishe.

Fundisha maneno matatu tu: "Achia" ni mafuta, "Bana" ni breki, "Zima" ni swichi. Kila neno aliitikie kwa mkono, siyo kwa mdomo.

Kabla ya kuwasha, tazama kifundo cha mkono wa kulia. Mtoto huyu ameshika kishikio kifundo kikiwa juu. Pikipiki ikiondoka ghafla, mwili unarudi nyuma, mikono inanyooka, kifundo kinashuka, na kikishuka kinavuta mafuta zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyeshtuka huongeza mwendo badala ya kupunguza. Si ukaidi, ni mkono wake umenasa. Dawa yake: mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, kifundo kiwe sawa na mgongo wa kiganja au chini kidogo, kifua kiinamie mbele, viwiko vikunje. Kifundo kikianzia chini, hakina pa kushukia.

Washa. Acha injini ipate joto dakika moja au mbili huku amebana breki. Akiachia breki, avute mafuta kidogo kidogo, aende mita 15, aachie, abane, asimame. Wewe kimbia kando na nyuma kidogo, mkono karibu na mgongo wake. Usishike usukani, na usisimame mbele. Kama umefunga swichi yenye kamba ya kuzimia injini, shika kamba ikiwa imelegea. Kona zije baadaye, tena pana, macho yakitangulia anakokwenda. Akitazama tairi la mbele, ataanguka upande huo huo. Breki ya mbele afundishwe akiwa amenyooka tu, kwa sababu kwenye kona ya nyasi tairi huteleza mara moja.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Akianza kukosea alichokwisha kukijua, vidole vimechoka.

Akianguka: zima, mtoe upande wa mbali na ekzosi, pikipiki uinue wewe. Kabla hajapanda tena, vuta mkono wa mafuta uachie. Lazima urudi wenyewe kwa mlio. Udongo ukiingia, au kishikio kikisukumwa ndani, mafuta hubaki wazi.

Skrubu ile ya mkono wa mafuta iguse siku atakaposimama kwenye madumu mara kumi mfululizo bila kukumbushwa. Legeza nusu mzunguko, siyo zaidi, kisha sogeza madumu mbali na uanze tena na kusimama, kwa sababu umbali anaouhitaji sasa si ule wa jana.