Jinsi ya Kupima na Kuandaa Lishe Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Karibuni, watazamaji. Leo ninawaonyesha namna tunavyompima na kumwandaa kilishe mtu anayesubiri upasuaji wa kupunguza uzito. Ninaipenda kazi hii kwa sababu hufichua jambo ambalo wengi hawalitarajii: mwili mnene unaweza kuwa na utapiamlo. Mtu huwa na akiba kubwa ya mafuta, ilhali damu yake imepungukiwa madini ya chuma na vitamini D, na tumbo likishapunguzwa, kuufidia upungufu huo huwa kazi ngumu zaidi.

Uzito na urefu tunavipima bila viatu, nanyi mnajua namna ya kusoma mizani. Kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu ndilo uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI. Mwenzetu aliyekubali kurekodiwa ana kilo 112 na mita 1.65, kwa hiyo tunapata 41. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35, hata pasipo ugonjwa mwingine.

Sasa kiuno. Futi ya kamba inapita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, na tunasoma pumzi inapotoka. Samahani, naomba kamera isogee upande wa mgongo. Mnaona futi ilivyojipinda huku nyuma? Kipimo hicho hakifai, kwa hiyo ninaifungua na kuanza upya. Sasa imelala sawa.

Tunaingia kwenye damu. Tunaagiza wingi wa damu, feritini (protini inayohifadhi chuma mwilini), vitamini B12, asidi ya foliki, vitamini D, kalisi, utendaji wa ini na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Feritini isomwe kwa tahadhari, kwani hupandishwa na inflamesheni, yaani mwako wa ndani ya mwili, ambao huambatana na unene. Jibu linaloonekana zuri linaweza kuficha upungufu wa chuma. Anayetumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu aangaliwe B12 kwa makini. Tena, asidi ya foliki isitolewe kabla ya B12 kujulikana, kwa sababu inaweza kuifanya damu ionekane imepona huku neva zikiendelea kuharibika.

Daftari la chakula nalo lina ukaidi wake. Watu huandika chakula wakasahau mafuta ya kupikia na vinywaji, ingawa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Binafsi ninapendelea daftari la karatasi kuliko programu ya simu, kwa kuwa maneno yaliyofutwa hunieleza mengi.

Hatua inayofuata ndiyo nyeti kuliko zote. Kwa wiki mbili hadi nne kabla ya upasuaji, wengi hupewa mlo wa kilokalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wenye protini ya kutosha, walau gramu 60. Ini lenye mafuta hulifunika tumbo. Mlo huu hulifanya ini linywee, na daktari akapata nafasi ya kufanya kazi. Lakini sikilizeni vizuri: anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoichochea kongosho kutoa insulini asianze mlo huu kabla daktari hajapanga upya dozi zake. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari hushuka hadi mtu akapoteza fahamu. Narudia, kwa kuwa ndipo mambo yanapoharibika: dozi kwanza, mlo baadaye. Hata ukiwa na hamu kubwa ya kuanza leo jioni, dozi kwanza.

Wakati huohuo, mwenzetu anajizoeza kutafuna mpaka chakula kilainike kabisa, na kutokunywa maji pamoja na mlo, bali kusubiri nusu saa. Mvutaji wa sigara aache mapema. Madaktari wengi hutaka angalau wiki sita.

Ukikaribia muda wa upasuaji, chakula kigumu hukoma saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa hospitali yako imekuelekeza vinginevyo. Anayechoma sindano za kila wiki za kupunguza hamu ya kula amweleze daktari wa usingizi mapema, kwa sababu sindano hizo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na huenda akapangiwa kufunga kwa muda mrefu zaidi.