Jina la Pili Chini ya Picha

Ndugu zangu, nimelisema hili kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia: zile chapa za mandhari, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la chuma lililochongwa, tunazoziita "za Constable", mchoraji Mwingereza John Constable, hazikuchongwa na Constable. Alizichonga David Lucas. Chini ya picha pamewekwa majina mawili, la mchoraji na la mchongaji; ni sisi tunaosoma la kwanza na kuliruka la pili.

Mtaniambia Lucas alinakili tu. Alinakili nini? Sikilizeni mezotinti, mbinu aliyoitumia kuchonga, inavyofanywa. Unachukua bamba la shaba au chuma, unalipitishia chombo chenye ukingo wa mviringo na meno madogo, ukikiyumbisha huku na huku, pande zote, mpaka uso mzima unaparuza. Ukilipaka wino hapo, linatoa weusi mzito kama mahameli. Ndipo unaanza kuutafuta mwanga: unakwangua wingu, unasugua maji ya mto yalainike, maana palipo laini wino haushiki. Constable alikuwa na kijani, buluu na kahawia. Lucas alikuwa na giza tupu, akalipunguza kidogo kidogo hadi mvua ikaonekana inakuja. Huko si kunakili!

Sasa ongezeni tabia ya Constable. Chapa ya majaribio ikipelekwa kwake, inarudi imejaa chaki na wino: hapa pawe peusi zaidi, pale paangazwe. Kukwangua ni kwepesi. Giza ulilokwisha kuliondoa hulirudishi bila kuliparuza bamba upya mahali hapo. Mfululizo wao wa chapa 22, uliotolewa kati ya 1830 na 1832, ulipita katika mateso hayo. Constable ndiye aliyegharamia, na haukuuzika, kwa hiyo simwiti mnyonyaji. Lakini Lucas alifia katika nyumba ya maskini huko Fulham, mwaka 1881, na hilo nalo lisemwe.

Muda unanibana, na J. M. W. Turner, mchoraji mwingine wa mandhari wa Uingereza, sijamgusa. Kwa haraka basi: Liber Studiorum, mfululizo wake wa chapa za mandhari, alianza kuutoa 1807, akichora mistari na kumwachia vivuli mchongaji Charles Turner, ambaye hakuwa ndugu yake. Wakagombana juu ya ujira, urafiki ukavunjika. Na msiseme hayo yalikuwa ya watu wawili: Royal Academy yenyewe, chama kikuu cha wasanii wa Uingereza, iliwaweka wachongaji daraja la chini. Wa kwanza kupewa uanachama kamili, Samuel Cousins, aliupata 1855, wakati Constable na Turner wote wameshazikwa.