Kidole cha nani kilipimwa?

Asanteni sana. Mada yetu ni haki katika afya. Slaidi ya kwanza tuiruke, ile ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inaeleza afya ni nini, mnaijua na mmeshaifanyia mitihani. Mimi nataka nianze na hiki nilichoshika, kidude cha kubana kidoleni, kipima oksijeni. Walioshawahi kunisikia wanajua naenda wapi, wanivumilie, nitalirudia hili mpaka lieleweke.

Tazameni. Nabana hivi. Hiyo taa nyekundu mnaiona, na pembeni yake kuna mwanga wa pili ambao jicho haliuoni. Yote miwili inapita kwenye nyama ya kidole, damu yenye oksijeni inafyonza mwanga tofauti na damu isiyokuwa nayo, kidude kinalinganisha, kinatoa namba, asilimia ya oksijeni kwenye damu. 97. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Hii kazi ilianzia Japani, injinia Takuo Aoyagi, 1974, na imeokoa watu wengi mno, kwa hiyo sijaja kukitukana.

Lakini ule mwanga kabla haujaifikia damu unapita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ile inayoipa ngozi rangi, na melanini nayo inafyonza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa waliopimwa mara mbili ndani ya dakika chache, kidoleni na kwa damu iliyochotwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Wakachukua vipimo ambavyo kidude kilisema 92 mpaka 96, yaani huyu yupo vizuri. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo damu ilisema chini ya 88. Kwa weupe asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu jamani! Na huo ndo mwaka wa korona, namba hiyohiyo ndo ilikuwa inaamua nani alazwe nani arudishwe nyumbani. Mtu anahema juujuu, anasema dokta nakosa pumzi, anaonyeshwa kioo, 94, nenda kapumzike.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwanga ni mwanga, fizikia haibagui. Nimeshaambiwa hivyo mara nyingi sana na kila mara inanichosha. Ile namba haitoki kwenye fizikia peke yake! Watengenezaji wanachukua watu wazima wenye afya, wanawapunguzia oksijeni kidogokidogo, wanachota damu, wanaona mwanga ukisoma hivi basi damu ipo hivi, linapatikana jedwali, na jedwali ndo linaingizwa kwenye kidude. Sasa ulizeni, hao watu walikuwa nani? Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani wa 2013 ulitaka angalau watu 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi sana wawili, au asilimia 15. Wawili! Halafu kinabanwa kwenye vidole vya dunia nzima.

Mwingine atasema basi tofauti ni pointi mbili tatu, ya nini kelele. Matibabu yana mpaka ndugu yangu, mwongozo huu unasema 94, ule 92, mwingine 90, na pointi mbili ndo zinakuvusha kwenda kwenye mtungi wa oksijeni au zinakuacha nje.

Hapo ndo dhana yenyewe inapoingia. Usawa ni kumpa kila mtu kidude kilekile. Haki ni kila mtu asomewe damu yake kwa usahihi uleule. Mwaka 1990 mtafiti Margaret Whitehead aliiandikia ofisi ya WHO ya Ulaya kwamba si kila tofauti ya afya ni dhuluma, mzee kuugua kuliko kijana ni maumbile, ila tofauti inayoepukika, isiyo ya lazima na isiyo ya haki, hiyo ndo yetu. Melanini ni maumbile. Kuacha kuipima si maumbile. Na mwaka huohuo 1990 watafiti Jubran na Tobin walishachapisha kwamba kipimo hiki kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi, wakalirudia wengine 2005, na bado onyo la ile mamlaka ya Marekani lilisubiri mpaka Februari 2021. Miaka 30 na zaidi watu wanajua! Hili linaniuma kuliko zile asilimia.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuongelea pia wastani, jinsi wastani mzuri wa nchi unavyofunika wanaokufa chini yake, tutaacha. Daktari Julian Tudor Hart, 1971, aliandika kwamba huduma nzuri inawakimbia wanaoihitaji zaidi, someni wenyewe ni kurasa chache tu. Bei ya dawa za ukimwi, kutoka zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja mpaka Cipla, kampuni ya dawa ya India, walipotangaza dola 350 mwaka 2001, hiyo peke yake inataka siku nzima.

Ila wa wodini msiondoke kwanza. Ukikuta 93 na mgonjwa anavuta hewa kwa mabega, mbavu zinaingia ndani, anashindwa kumaliza sentensi, mwamini mgonjwa, na kama damu ya ateri inaweza kupimwa, ipimwe. Na wanaokaa kwenye kamati za manunuzi, mkiletewa kifaa kipya ombeni karatasi ya majaribio, tafuteni mstari unaosema kilijaribiwa kwa watu wangapi, wa ngozi gani. Kama mstari huo haupo, msisaini.

Haya, maswali. Dada wa kule nyuma alinyoosha mkono mapema, tuanze naye.