Mbwa Aulizwe Kitambulisho cha Nini?

Asanteni, kaeni. Najua wengine mmenisikia nikilisema hili mpaka mmelikariri. Leo mtalisikia tena, kwa sababu nimeambiwa mameneja wa majengo wameketi safu za nyuma, na hao ndio niliowataka.

Nairobi hii kila lango linadai kitambulisho. Unakwenda kung'olewa jino, acha kitambulisho kwa askari. Sasa zamu imefika kwa mbwa anayemwongoza asiyeona. Nilikuwa na mgeni, mama asiyeona kutoka Marekani, na mbwa wake wa kumwongoza, tukaenda kwenye jengo moja la maduka. Mimi na fimbo yangu nyeupe nikapita bila neno. Yeye akazuiwa: "Mama, mbwa haingii bila kitambulisho." Na hapohapo pembeni namsikia mbwa mwingine akihema, ananusa buti za magari, kucha zinakwaruza lami. Nikamwuliza askari, na huyo wenu, chake kiko wapi? "Huyo yuko kazini, mzee." Nikamwambia hata huyu yuko kazini. Akacheka, akamwita msimamizi wake. Msimamizi akamwita meneja. Jua linatuchoma, mbwa wa watu amelala kimya miguuni mwa mwenyewe. Meneja anafika, hata salamu hajamaliza: "Ana kitambulisho?"

Huyo mama kwao hadaiwi karatasi. Sheria yao ya watu wenye ulemavu, ya 1990, haitaki kitambulisho wala cheti, wala koti la mbwa lenye maandishi. Kama kazi ya mbwa haionekani wazi, mwenye duka ana maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi kuuliza unaumwa nini, wala kutaka mbwa aonyeshe ufundi wake pale mlangoni kama tumbili wa sarakasi.

Nishawasikia: "Mzee, si kila mtu atakuja na mbwa wake wa nyumbani!" Sheria hiyohiyo inajibu. Mbwa akifanya fujo na mwenyewe asimdhibiti, au akiwa hajafunzwa kujisaidia nje, mtoe. Mtu abaki, ahudumiwe. Mtazameni mbwa anavyojiweka. Vyeti na makoti vinauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye hela, na serikali ya Marekani yenyewe imesema karatasi hizo haizitambui. Kwa hiyo ukidai kadi, tapeli atakuonyesha kadi inayong'aa, na asiyeona ambaye hakuwahi kuihitaji atabaki nje. Hapo umelinda nini?

(Mbwa wa kufariji tu, ambaye hakufunzwa kazi yoyote, hahesabiwi katika sheria hiyo. Msinichanganyie.)

Na msiniambie hayo ni ya Marekani. Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, kutumia usafiri wa umma, na kupata nyenzo za kumwondolea vikwazo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kinamtaja mtu binafsi pia, siyo Serikali peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, tuliouridhia 2008, ni sehemu ya sheria zetu kwa Kifungu cha 2. Haki hizi zote ni za mtu. Mkitaka kadi, mwenye ulemavu anayo yake ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, mbwa mwacheni.

Kuhusu ndugu Waislamu na mate ya mbwa, mashehe watalieleza vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba Qurani, sura ya 5, inaruhusu windo la mbwa aliyefunzwa, na asiyeona mwenye adabu hatamwingiza mbwa panaposwaliwa.

Nilitaka kufika kwa matatu na teksi, lakini nasikia mwenyekiti anagonga kalamu. Haraka basi. Makanga, mbwa hukaa chini miguuni, hana kiti, hana nauli. Wateja, msimguse akiwa kazini, msimpe mandazi. Na nyinyi wa malangoni, ikiwa lazima mkono ushike karatasi, ulizeni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hicho sina ugomvi nacho. Na yule wenu wa kunusa magari mumwulize pia.